Ruzuku ya umeme kwa majengo ya komini: fedha iko wapi, na dosie inaanzia wapi

Swali: Mimi ni mama mtunza vifaa katika biro la komini moja ya Lubumbashi. Chini yetu kuna jengo la komini lenyewe, ukumbi wa mikutano, na kituo cha afya chenye nyumba ya uzazi. Kuna mgodi ndani ya mipaka yetu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakuja na kuondoka, na hata ukiwepo jioni taa ni nyekundu kama mshumaa. Jenereta inameza mazuti hadi fedha ya kununua karatasi inaisha. Nimesikia kwamba Ulaya na Marekani serikali inatoa ruzuku ili majengo ya umma yasipoteze umeme. Je, kwetu ipo? Kijana mmoja amekuja akasema atatutafutia ruzuku ya pano za jua za kilowati 10, ila tulipe kwanza fedha ya kutengeneza dosie. Na tukipata pano, tuuze jenereta?

Jibu: Mama, nianze na kijana huyo, maana ndiye anayeweza kuwagharimu wiki hii hii. Msimlipe hata franka moja. Ruzuku ya kweli ya serikali hailipiwi ada mfukoni mwa mtu binafsi. Tena mtu anayejitolea kutafuta fedha na papo hapo kuuza vifaa amekwisha kujichagua mshindi kabla ya shindano kufunguliwa. Manunuzi ya komini yanaongozwa na sheria ya tarehe 27 Aprili 2010, na sheria hiyo inadai ushindani. Siku wakaguzi watakapopita, sahihi watakayoitafuta kwenye hati ya malipo si ya kijana; ni ya burgumesta, mkuu wa komini, na pengine yako wewe uliyepokea vifaa. Muulizeni jambo dogo tu: kilowati 10 amezipata wapi? Kama hajasoma mita yenu wala kuhesabu taa zenu, namba hiyo ameitoa kwenye orodha ya bidhaa zake.

Sasa swali lenyewe. Uliyosikia ni kweli. Marekani ilianzisha kwa sheria ya 2007 ruzuku ya nishati kwa majimbo na miji. Mwaka 2009, uchumi ulipoanguka, ikawekewa dola bilioni 3.2, na sheria ya miundombinu ya 2021 ikaiwekea dola milioni 550 nyingine. Uingereza ilifungua ya kwake 2020 kwa pauni bilioni 1, kwa hospitali, shule na majengo ya halmashauri. Lakini angalia fedha ile ya Uingereza inafanya nini: sehemu kubwa ni kupasha majengo joto wakati wa baridi bila kuchoma gesi, yaani kubadilisha mitambo, madirisha, kuta. Kule umeme upo saa 24 na shida ni kuutumia ovyo. Kwenu shida ni mbili kwa mpigo: umeme haufiki, na ule unaofika, au mnaoutengeneza wenyewe kwa mazuti, unavujia njiani. Kwa hiyo msiige fomu zao. Kitu kimoja tu ningependa mkiazime kwao: mwombaji huulizwa kwanza jengo lake linatumia kiasi gani leo, na litatumia kiasi gani baada ya kazi.

Katika miaka yangu ya kukagua majengo hapa mjini sijaona komini ikifunguliwa dirisha lenye jina la "ruzuku ya kubana umeme". Fedha ipo, ila inavaa majina mengine, na moja ya majina hayo liko tayari kwenye hesabu zenu.

Ni redevansi ya migodi, yaani ada ambayo kampuni ya mgodi inailipa kwa thamani ya madini inayoyauza. Kwa sheria ya migodi kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, katika kila dola 100 za redevansi, 50 zinakwenda serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 zinakuja kwa mamlaka ya mahali ambapo madini yanachimbwa: komini, sekta au uchifu. Hizo 15 si hisani ya mtu. Shaba inalipiwa asilimia 3.5, na kobalti, tangu itangazwe madini ya kimkakati Novemba 2018, asilimia 10. Kwa komini yenye mgodi hicho si kiasi cha kudharau. Ila ni fedha inayopanda na kushuka. Mwaka 2025 uuzaji wa kobalti nje ya nchi ulisimamishwa kuanzia Februari, na uliporudi Oktoba ulirudi kwa viwango vilivyopimwa. Aliyekuwa ameipanga redevansi kama mshahara wa kila mwezi alijikuta mikono mitupu.

Hapo ndipo naona hoja yenu yenye nguvu kuliko zote mbele ya burgumesta na mbele ya washauri wa komini waliochaguliwa Desemba 2023. Fedha isiyotabirika haifai kununua mazuti, kwa sababu mazuti yanataka fedha kila Jumatatu. Inafaa kazi ya mara moja ambayo inapunguza matumizi ya kila mwezi: taa, nyaya, dari, kisha pano. Mwaka redevansi ikinona mnawekeza. Mwaka ikikonda, bili yenu tayari imeshuka.

Njia ya pili inakifaa zaidi kituo cha afya. Sheria hiyo hiyo inaidai kampuni ya mgodi itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Fedha hiyo haipiti mikononi mwa komini. Inasimamiwa na chombo ambamo kampuni na wawakilishi wa jamii wanakaa pamoja. Tafuteni nani anaiwakilisha jamii yenu mle ndani. Mpelekeeni dosie ya nyumba ya uzazi, msimpelekee ya biro la burgumesta. Nasema hivi kwa moyo wote: nimeona mkunga akipokea mtoto huku tochi ya simu ameibana kwa meno, na hatua mia kutoka pale klimatiza (kiyoyozi) ya ofisi ilikuwa ikifanya kazi kwa jenereta ya umma.

Nyingine nizipitie haraka. ANSER, shirika la taifa lililoundwa kwa dekreti ya 2016, linahusika na umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji. Kama kituo chenu kiko kwenye vitongoji vya mbali, kwa mfano upande wa Annexe, andikeni barua, lakini kwa jengo la katikati ya mji mtapoteza stempu. Programu ya maendeleo ya teritwari 145 ni ya teritwari, yaani maeneo ya nje ya miji, kama jina linavyosema: ndugu zetu wa Kipushi na Kasenga waiulizie, si komini ya Lubumbashi. Mfuko wa kusawazisha majimbo, ambao katiba katika kifungu cha 181 inaupa asilimia 10 ya mapato ya taifa, ni jambo la gavana na Kinshasa. Na friji ya chanjo msiinunue kabisa kwa fedha ya komini. Mpango wa taifa wa chanjo una friji za jua zisizotumia betri, zinazohifadhi baridi ndani ya barafu, na mlango wa kuziomba ni zone de santé yenu, yaani ofisi ya eneo la afya.

Njia zote hizi zinadai kitu kimoja ambacho nina hakika bado hamna: karatasi yenye vipimo. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo dosie nyingi zinapofia.

Chukueni daftari la shule la kawaida. Kila siku ya kazi andikeni namba ya mita asubuhi biro linapofunguliwa, na tena jioni linapofungwa. Kama ni mita ya kulipia kabla, andikeni uniti (kilowati-saa) zilizobaki na zile mlizoongeza. Kwa jenereta andikeni saa ilizofanya kazi na lita zilizoingia. Wiki mbili zinatosha kuanzia. Msiruke Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi. Kipimo cha wikendi ndicho kinachosema ukweli, kwa sababu jengo ni tupu na hakuna wa kusingiziwa. Niliwahi kufanya hivyo katika biro moja la umma ambalo kila mtu aliapa kwamba usiku hakuna kinachowaka. Jumatatu mita ilikuwa imetembea. Tulizunguka na funguo chumba kwa chumba. Tukakuta hita ya maji katika bafu ambalo hakuna aliyelitumia kwa muda mrefu, taa za ukuta wa nyuma zinazowaka mchana na usiku kwa sababu swichi yake iliungua, na friji stoo yenye mlango uliofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kuzima vitu hivyo vitatu hakukumgharimu mtu franka.

Kisha hesabuni taa. Tuchukue mfano wa jengo lenye neoni 40 za zamani. Neoni ya wati 36 pamoja na balasti yake ya chuma, kile kifaa kinachotawala umeme wa neoni, inakula kama wati 45. Zikiwaka saa 6 kwa siku, ni uniti 10.8. Mkiweka za LED za wati 18, ni uniti 4.3. Tofauti ni karibu uniti 6.5 kila siku. Katika jenereta inayolingana vizuri na mzigo wake, lita moja ya mazuti inatoa kama uniti 3. Ikiwa kubwa kuliko mzigo, inatoa pungufu ya hapo. Kwa hiyo siku mnazowasha jenereta taa hizo peke yake zinawaibia zaidi ya lita 2. Kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya lita 45. Fundi atakayeziweka aikate balasti ya zamani kwenye njia ya umeme. Akiiacha, itaendelea kula na taa mpya itaharibika mapema.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomjibu kijana wa kilowati 10. Hapa kwetu pano ya kilowati 1 inapata kwa wastani kama saa 5 za jua kamili kwa siku. Ukitoa upotevu wa joto, nyaya na betri, unabaki na uniti 3.5 hivi. Neoni za zamani zingehitaji pano za kilowati 3.1. Za LED zinahitaji kilowati 1.25 tu. Huduma ni ile ile, mwanga ni ule ule, lakini pano na betri ni chini ya nusu. Kila franka mnayoiweka kwenye taa kwanza inawapunguzia zaidi kwenye betri baadaye. Ndiyo maana ninagomba na kila dosie inayoanza na pano.

Kuhusu zile taa nyekundu za jioni: hapo volti imeanguka. Nimepima 160 mahali panapotakiwa 220. Mota za friji, pampu na klimatiza zikinyimwa volti huvuta ampea nyingi zaidi, zinapata joto, zinaungua. Sehemu ya shida hiyo iko mtaani, kwenye transfoma iliyobebeshwa nyumba nyingi kuliko ilivyopangwa. Hilo komini haiwezi kulimaliza. Mabwawa yetu ya Katanga ni ya zamani, Mwadingusha lilianza 1930, na viwanda vya shaba ndivyo vilivyojengewa. Hata laini ndefu ya Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuja kwa ajili ya migodi. Delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, itakuwa nasi bado. Lakini sehemu nyingine ya shida iko ndani ya kuta zenu, kwenye nyaya nyembamba na viungo vilivyofungwa kwa mkono na kuzungushiwa plastiki. Guseni ukuta karibu na soketi jioni. Ukiwa na joto, hapo ndipo umeme wenu unapogeuka moto.

Na mnaponunua nyaya mpya, jihadharini. Inaniuma kuiandika nikiwa katika mji wa shaba, lakini sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu tu. Ni mwepesi mkononi. Chukua kisu, kwangua: ukiona rangi nyeupe chini ya wekundu, rudisha. Waya huo unapata joto haraka na unavunjika kwenye skrubu. Andikeni kwenye dosie "shaba tupu", pamoja na unene wa milimita za mraba, na mkague kila roli kabla ya kupokea. Hiyo ni kazi yako, mama mtunza vifaa, na ni mahali ambapo jicho lako litaokoa zaidi kuliko injinia.

Klimatiza nayo isichukuliwe kama jambo la lazima. Joto la Oktoba katika ofisi linashuka kutoka kwenye manjanja (mabati ya paa) yasiyo na dari. Wekeni dari, acheni tundu za hewa chini ya paa, pakeni manjanja rangi nyeupe. Kama klimatiza itabaki, chumba kiwe na kioo kwenye kila dirisha kwanza. Nimeona ofisi yenye klimatiza mbili na dirisha lililozibwa kwa katoni.

Nyumba ya uzazi iwe na mtambo wake peke yake, wenye nyaya zake, usioungwa na biro wala ukumbi. Mkiunganisha, siku ya sherehe ukumbini muziki utakula betri, na saa nane usiku mkunga atabaki gizani. Chumba cha kuzalia, taa za mlango na korido, mashine ya kunyonya ute, kuchaji simu ya dharura: huo ni mzigo mdogo, na mtambo mdogo ni rahisi kuutunza. Sterilaiza na kila kinachochemsha msikiweke kwenye betri za mtambo huu. Chombo kimoja cha joto kinaumaliza.

Kwa betri ningechagua za lithiamu-chuma-fosfati. Zinagharimu zaidi siku ya kununua, lakini za asidi zikishushwa chini ya nusu kila usiku zinakufa ndani ya miaka michache, na kwetu zitashushwa. Watu huniuliza kama betri hizo zina kobalti yetu. Hazina, ni chuma na fosfati. Pano zielekee kaskazini, zilale nyuzi 15 hivi ili mvua izioshe. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua, kuna vumbi jekundu na moshi wa moto wa porini, kwa hiyo mtu mmoja mwenye jina awe na kazi ya kuzifuta kila wiki, asubuhi kabla hazijapata joto.

Sasa dosie. Wekeni juu kabisa barua ya ukurasa mmoja inayosema jengo gani, linatumia uniti ngapi na lita ngapi leo, litatumia ngapi baada ya kazi. Nyuma yake nakala za daftari la mita, orodha ya taa na vyombo, picha, proforma (karatasi za bei) tatu kutoka kwa wauzaji tofauti wanaojibu orodha ile ile, na prosevebali, yaani muhtasari ulioandikwa, ya kikao. Halafu karatasi mbili ambazo wengi husahau. Moja inaonyesha jengo ni la nani. Vituo vingi vya afya na shule hapa kwetu ni vya umma kwa huduma lakini ni mali ya kanisa, na fedha ya komini ikijenga kwenye kiwanja cha mwingine bila makubaliano yaliyoandikwa, kesi inakuja. Nyingine inasema nani atalipa betri zikichoka. Pendekezeni kwamba nusu ya fedha ya mazuti itakayookolewa iwekwe kila mwezi kwenye mstari wake katika bajeti, wenye jina la matengenezo. Mkitaka kuingia katika bajeti ya mwaka ujao, dosie iwe mezani kwa burgumesta Juni au Julai. Novemba mtaambiwa kila kitu kimefungwa.

Gaweni kazi vipande viwili. Kwanza taa, nyaya na dari, kwa redevansi. Pimeni tena kwa miezi mitatu. Kisha pelekeni vipimo vipya kwa wale wa asilimia 0.3 mkiomba mtambo wa nyumba ya uzazi. Komini iliyokwisha kutumia fedha yake na kuonyesha mita imeshuka haiombi kwa mikono mitupu.

Na jenereta msiiuze. Januari mvua inaweza kukaa siku nne mfululizo na jua lisionekane, na hapo betri yoyote inaisha. Iwasheni nusu saa kila wiki ikiwa na mzigo wa kweli, si taa moja, badilisheni mafuta kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake hata kama inatumika kidogo, na mazuti yaliyokaa zaidi ya miezi sita myatumie kwanza kabla ya kuongeza mapya. Kama ni kubwa mno kwa mzigo mpya baada ya kuweka LED, hilo mtaliona kwenye daftari: lita zitashuka, lakini si kwa kiasi cha uniti. Hapo ndipo mtakuwa na sababu ya kuibadilisha na ndogo, na namba za kumwonyesha burgumesta.